Alama Nyekundu za Teoti

Mdogo wangu Teoti ndiye aliyekuwa mtu wetu wa misiba. Akifa ndugu Moeraki au Kaikoura, sisi wengine hapa Bluff, pwani ya kusini kabisa, tulituma salamu, yeye alikwenda. Pikipiki yake kubwa ya safari aliinunua mtumba kwa mjane mmoja wa Gore, ambaye marehemu mumewe aliitoa siku za jua tu, kama kofia ya harusi. Teoti aliitoa kwenye theluji.

Wenzake walifunika zao turubai mwezi wa Mei, baridi ya kwetu inapoanza, wakazilaza hadi majira ya kuchipua. Yeye mwezi huohuo ndipo alipofungua ya kwake. "Wazee wetu hufa baridi ikiingia," alisema. "Siwezi kufika mtu ameshafukiwa, eti betri imelala." Akapima betri, akatia rejeta dawa ya kuzuia maji yasigande, akakagua taa, tairi na breki, akapaka grisi kila mahali ambapo chumvi ya bahari hula chuma. Alikwenda kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, hakuruka kitu, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya sana.

"Punguza sauti," nilimwambia siku moja. "Mungu si kiziwi."

"Naiimbia pikipiki, dada. Mungu alishanizoea."

Kazi yake ilikuwa kukagua mizoga kiwanda cha nyama. Kule, nyama isiyo na muhuri haitoki mlangoni, naye akaileta sheria hiyo nyumbani. Kila nati aliyoikaza na kila breki aliyoikubali aliitia alama kwa chaki nyekundu ya nta, ile ya kuwekea kondoo alama.

Mei hii moyo wake ulisimama akiwa kwenye banda la pikipiki, nyuma ya nyumba. Mkewe, Ripeka, alimkuta ameketi sakafuni ameegemea ukuta, mkononi ana kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Pikipiki ilikuwa na alama nyekundu mbele mpaka nyuma. Tukasema, Bwana amemwachia amalize kazi yake, alikuwa anajifuta mikono tu. Neno hilo lilitufariji sana. Nililisema hata kanisani.

Baada ya mazishi mchungaji alipita chumba kwa chumba akiomba, kama ilivyo desturi yetu, ili marehemu aende zake na nyumba irudi kwa walio hai. Alipofika kwenye banda alikuta kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Ripeka, na mkono wa Ripeka juu ya mfuko.

"Huko hakuna wa kutolewa, mchungaji," alisema. "Karibu chai."

Basi sauti ikaanza. Jioni, mwanga ukififia, ilisikika bandani kama spana inayogonga chuma taratibu, ikanyamaza, ikagonga tena. Nilisema ni bati linasinyaa kwa baridi. Lakini iligonga hata jioni za mawingu na joto kidogo, nami nikazoea kupita upande wa pili wa nyumba nikinong'ona Sala ya Bwana. Ripeka yeye alihamishia kiti chake kwenye dirisha lililoelekea banda.

Kwetu, kabla mwaka haujaisha, picha ya marehemu hupelekwa kwa waliokuja kumlilia. Mwezi wa Julai binti yao, Erana, alisema ataipeleka Moeraki, na ataipeleka kwa pikipiki ile.

"Barabara ni barafu tupu," mama yake alisema. "Panda basi kama Mkristo."

"Baba akae kwenye basi, mama? Si atashuka njiani akasukume?"

Ripeka alicheka, akalia, kisha akanigeukia. "Wifi, wewe ni dada mtu. Iko salama? Ukisema iko salama, natoa ufunguo. Nimeshazika mmoja, wa pili sitaweza."

Nilisema iko salama. Kila mtu alizijua zile alama.

Siku ya kuondoka, asubuhi, Erana alikuwa jikoni akijaziwa mkate wa kukaanga mifukoni. Mimi niliingia bandani niifute vumbi, maana picha haiwezi kupandishwa juu ya uchafu. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa, mbichi, kana kwamba mtu amefungua chupa sasa hivi. Chupa ilikuwa rafuni na kifuniko chake. Nilianza na gurudumu la mbele. Kitambaa kiligusa alama, nta ikaniachia wekundu laini vidoleni. Nikaenda nyuma, kwenye nati ya ekseli. Pale alama haikutoka. Ilikuwa ngumu, imepasuka, na juu yake kulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi ya bahari, ile inayorukia barabarani.

Chumvi ya safari haiwezi kukaa juu ya alama iliyotiwa Mei hii, maana tangu hapo pikipiki haikutoka.

Hapo ndipo nilipokielewa kile kitambaa. Teoti kamwe hakutia alama mpya juu ya ya zamani. Kwanza aliifuta kwa mafuta ya taa, kisha akakagua, kisha akatia. Hakuwa anajifuta mikono. Alikuwa ndiyo kwanza amefika nyuma, aanze kufuta. Zile alama za nyuma zilikuwa za mwaka jana.

Nikaita, "Erana, vua koti. Lete spana za baba yako."

Alilala chini na tochi. "Shangazi, padi za breki za nyuma zimeisha. Zimebaki kama ukucha." Nati nayo ilizunguka kwa spana bila kubisha.

Ripeka alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia, mara ya kwanza tangu siku ile, akafungua sanduku la kushoto la pikipiki, akatoa padi mpya zikiwa bado kwenye karatasi ya dukani. "Alizinunua Ijumaa ile kabla hajafa," alisema. "Nilimgombeza kwamba anajaza takataka."

Tulifanya kazi hadi mchana. Erana alifuta, akabadilisha, akakaza, nami nikaimba, kwa sababu ilionekana hakuna njia nyingine ya kuifanya kazi ile. Mwishoni alimpa mama yake chaki. Ripeka alipiga magoti akatia alama kwenye ekseli, akaukandamiza mkono pale kwa muda mrefu. Tukaomba hapohapo, watatu, bila mchungaji. Erana akaondoka na picha kifuani.

Alipiga simu jioni: amefika, na wazee wa Moeraki wamelia.

Mimi na Ripeka tuliketi dirishani tukiisubiri ile sauti. Mwanga ukafifia, ukaisha.

"Umesikia kitu, wifi?"

"Sijasikia."

"Hata mimi," Ripeka alisema. Akajifunga shali, akatoka kwenda kufungua mlango wa banda, akauacha wazi.