Ufa wa Mlango Wetu

Juzi nilimwona jirani akipaka udongo juu ya ufa wa dirisha lake, nikamkumbuka baba. Alasiri moja nilipokuwa mdogo, hapa mjini Baraka, alichokoa kwa kisu ufa wa ukuta kando ya mlango wetu, akaupanua, kisha akaumwagia maji. Ukuta ulinukia kama mvua ya kwanza. Niliamini anabomoa nyumba, nikambeba mdogo wangu nje.

"Papa, tutalala wapi?"

"We mutoto! Nikipaka juu tu, udongo haitashika," alicheka, akishindilia tope lenye majani makavu.

Sikuingia. Basi akaegemeza mgongo wote ukutani, akaniita mimi bintiye, "Leta mutoto, mama."

Sasa wazazi hawapo. Nyufa za nyumba hii nazichokoa mimi, na wadogo zangu wanalala ndani bila kuniuliza chochote.