Geti la Ndoo

Mume wangu alikuwa golikipa, na mimi sikuwahi kumwona akidaka mpira hata siku moja. Siku zile wanawake wa Temeke hatukwenda uwanjani, na mke wa mchezaji ndiye aliyekatazwa kabisa, kwa sababu wazee wa timu waliamini jicho la mke humtia mtu uzito miguuni. Mechi ikikaribia wachezaji walifungiwa kambini. Hawakumpa mtu mkono, walikula chakula cha bibi mmoja tu mtu mzima aliyeaminika, na sisi wake zao tulibaki nyumbani na mawazo yetu.

Kwa hiyo mpira niliujua kwa masikio. Dirisha la chumba chetu lilitazama barazani, na barazani palikuwa na cherehani ya jirani yetu fundi, aliyepanga chumba cha mbele. Kila alasiri washabiki wa mtaa walikusanyika pale wakabishana mpaka uzi ukamkatikia fundi. Nilikuwa nikikaa nyuma ya pazia nashona au nachambua mchele, nacheka peke yangu. Wanaume husema wanawake tuna midomo, lakini hao hawajawahi kukaa nyuma ya dirisha lile.

Uwanja wa Wazungu, kule upande wa mjini, ulikuwa na mageti matatu. La mbele walipita wao, wake zao na mbwa wao. La ubavuni walipita Wahindi na Waarabu. La nyuma lilikuwa letu, na watu waliliita geti la ndoo, maana ndiko walikopita wale waliobeba ndoo za choo cha klabu. Hawakujali kama umekuja kutazama mpira au kuucheza. Mwaka wa kabla ya huo ninaousimulia, timu yetu ilialikwa, ikapita geti la ndoo, ikashinda. Mume wangu aliporudi alikaa uani akaosha miguu kwa muda mrefu sana. Nilimuuliza kama amekanyaga kitu. Akasema ndiyo, halafu akaendelea kuosha.

Mwaka uliofuata walialikwa tena, mechi ya kombe. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, kubwa, ya kushindwa hata kuinama. Niko uani napepeta mchele, nikasikia watu wanarudi. Wamewahi mno. Mtu akishinda huimba, akishindwa hutukana, lakini hao walikuwa wakiongea kwa sauti za chini, kama watu wanaotoka kuzika. Nikaacha ungo nikaenda dirishani.

"Wamekaa chini!" fundi aliwaambia wale ambao hawakwenda. "Golikipa kafika geti la mbele, askari kamwambia zungukeni nyuma. Yeye kakaa chini. Pale pale mchangani! Na timu nzima ikakaa."

"Akasema nini?"

"Kasema, tutapita wanapopita wachezaji. La sivyo chezeni wenyewe."

Wazungu walisubiri, wakatazama saa, refa akapuliza filimbi, na kombe likapewa timu yao bila mpira kupigwa. Hayo ndiyo yaliyotokea, wala hapakuwa na jiwe lililorushwa wala tusi lililotoka. Lakini nilishika nondo za dirisha. Mume wangu alikuwa akifanya kazi karakana ya reli, na mkubwa wake wa kazi alikuwa mmoja wa wale waliosubiri uwanjani wakitazama saa. Tena zilikuwa siku mbaya za maneno. Mikutano ya siasa ilikuwa imeanza kujaa watu, na serikali ilikuwa imeanza kuuliza nani kasema nini. Nyumba ya tatu kutoka kwetu palikuwa na kijana aliyekaa gerezani Ukonga kwa ajili ya maneno aliyoyasema mbele za watu. Alitoka akiwa mzima wa viungo, ila hakuweza tena kuketi akaupa mlango mgongo. Mkewe alikuwa akimgeuzia kiti kila alipotaka kula.

Mimi nilikiona kiti kile usiku na mchana.

Kesho yake baraza ilifurika. Mume wangu alikuwa amelala chumbani, uso ameuelekeza ukutani, na mimi nimekaa kitandani karibu na miguu yake, na wote wawili tulisikia kila neno.

"Mie nasema kakosea," alianza mmoja. "Mpira ni mpira, siasa ni siasa. Akitaka siasa aende mkutanoni na wenzake. Sie tumekwenda kuona mabao."

"Mabao utayaona wapi na mchezaji wako anaingia kama ndoo ya choo?" fundi akamrukia.

"Mwaka jana si waliingia? Na tukashinda!"

"Tulishinda nini? Wewe ulishinda, ulikuwa huku unakunywa kahawa."

Wakacheka, kisha wakanyamaza, maana mwenye duka wa pale pembeni alikuwa amekuja na kigoda chake. Alikuwa Mhindi wa Kishia, mtu wa heshima zake, kriketi ilikuwa damu yake lakini mpira wetu aliupenda pia. Akasema polepole, "Ndugu zangu, mie geti langu la ubavuni. Tangu baba yangu tunapita hapo. Hamniulizi najisikiaje? Najisikia vibaya. Lakini nina duka, nina watoto, napita."

"Ndiyo maana mpaka leo mnapita ubavuni," fundi akasema.

Mwenye duka hakukasirika. Akajibu, "Wewe leo umekaa hapa unashona. Atakayeitwa ni yule aliyelala ndani."

Nilimpenda Mhindi yule siku ile kuliko ndugu zangu wote. Lakini fundi hakuwa wa kunyamaza. Akasema mtu wa mpira ana mdomo kama watu wengine, na kama umaarufu haukusaidii kusema neno, basi umaarufu huo ni wa jogoo wa kuchinjwa. Wengine wakaitikia. Nikashindwa kuvumilia. Nikafungua dirisha nikamwambia, "Shemeji, akifungwa utamlisha wewe mwanangu? Kwa vitambaa ulivyobakiza vya wateja?" Baraza nzima ikainamisha vichwa. Mume wangu nyuma yangu akasema, "Funga dirisha."

Aliyeleta njia alikuwa mzee wa timu. Huyu ndiye aliyekuwa akibeba kibuyu cha dawa, ndiye aliyewaambia wachezaji waingie uwanjani kinyumenyume au waruke ukuta, kwa sababu kila timu ya Dar es Salaam iliamini wapinzani huzika kitu getini. Timu nzima ya watu wenye akili zao inaweza kuliacha geti lililo wazi ikapanda ukuta wenye vigae vya chupa. Wazungu waliijua desturi hiyo wakaichekea. Mzee akakohoa akasema:

"Kwa nini tunahangaika? Semeni ni mambo yetu yale. Semeni mie nimenusa kitu geti la nyuma, nikawakataza. Mie mzee, watanifanya nini?"

Fundi akasema, "Mzee, mtamfunika mtu aibu." Mzee akajibu, "Aibu haina nondo." Kumbe alikuwa anajitoa sadaka. Alikuwa mtu wa kujivuna na kazi yake ile, na sasa alikubali kwenda kuifanya kichekesho mbele ya watu wanaoicheka. Wakabishana sana, lakini mwishowe wote wakakubali kusema neno moja. Hata yule wa "mpira ni mpira". Hata fundi, ingawa alikubali huku anakanyaga cherehani isiyo na kitambaa.

Siku hiyo hiyo askari akaja. Alisimama mlangoni akasema golikipa anatakiwa asubuhi kwa bwana mkubwa wa polisi, akieleze kitendo alichokifanya mbele ya watu. Neno "kitendo" alilitamka kama kitu kinachonuka.

Mama yangu alikuwa na msemo aliokuwa akiuimba akitwanga: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilimwambia mume wangu msemo huo asubuhi tulipokuwa tukivaa. Nikamwambia mimi sitaki shujaa. Nikamwambia aseme ni uganga, basi, yaishe.

"Unataka niseme nimeogopa hirizi?"

"Nataka urudi."

Akanifunga kanga begani, akasema, "Nimesikia." Sikujua amesikia nini. Kusikia kwa mwanaume si kukubali, na mwaka mzima wa ndoa ulikuwa umenifundisha hivyo.

Washabiki walitusindikiza kwa miguu hadi mjini, wengi ajabu. Nje ya ofisi ya polisi paliegeshwa lori la magereza, lile la nyavu za chuma pembeni, injini inanguruma. Dereva alikuwa anakula muhogo bila haraka, kama anayejua kuwa mzigo wake unakuja. Nilikaa kwenye ngazi ya nje. Mtoto alinipiga teke nikamwambia atulie, kana kwamba ni yeye anayeniogopesha.

Mzee wa timu aliingia kwanza na kibuyu chake. Alipotoka hakumtazama mtu. Akapita katikati yetu, akaenda kusimama peke yake upande wa pili wa barabara, akijipangusa mikono kwenye kanzu. Kisha wakamwita mume wangu.

Nimepata hofu nyingi tangu siku ile. Nimezaa, nimezika, nimeuguza. Lakini hofu ile ilikuwa na ladha ya chuma ulimini, na hadi leo nikisikia gari linanguruma bila kuondoka mate hunikauka. Nilisoma dua zote ninazozijua, zikaisha, nikaanza upya. Nilimwona akipandishwa lori lile kabla hajapandishwa. Nilikiona kiti chetu kikigeuzwa kuelekea mlangoni.

Halafu ndani mtu akacheka.

Kicheko cha Kizungu, kikubwa, cha mtu aliyeshiba. Washabiki wakatazamana. Fundi akasema, "Kasema! Kasema ni uganga!" Na kweli, mlango ukafunguka na mume wangu akatoka, bila pingu, bila askari. Watu wakamrukia, wakamnyanyua juu. Dereva wa lori akamaliza muhogo wake akaondoka bila mzigo. Mimi nilikaa palepale kwenye ngazi nikalia, nikamshukuru Mungu, nikamshukuru mzee, nikamshukuru hata Mzungu kwa kucheka. Kwa mwoga huenda kicheko. Basi nikasema, na tuwe waoga, alhamdulillahi.

Njia nzima hakusema. Waliimba, naye alitembea katikati yao kama mtu anayepelekwa. Tulipofika ndani alikaa kitandani na viatu vyake. Nikamletea maji. Nikamwambia, "Ahsante kwa kunisikia."

"Sikusema uganga," akasema.

Nikakaa.

"Nilimwambia kweli. Nilimwambia kwa Kiswahili, mkalimani akamgeuzia, kisha nikamwambia tena kwa Kiingereza changu cha karakana, asije akasema hakusikia. Nikamwambia hatukuogopa kitu chochote getini. Nikamwambia sie ni wachezaji, ni watu, tutapita mbele wanapopita watu. Nilikuwa nimeshajiandaa, mke wangu. Nilishakuaga moyoni."

"Akasema nini?"

"Akacheka. Akanipiga bega. Akasema, mzee wako ameshanieleza yote, huna haja ya kuona haya. Akasema klabu itatoa ruhusa geti la nyuma lioshwe na mganga yeyote tunayemtaka, mwakani tupite kwa amani. Akaniambia nisiogope." Akanitazama. "Mie, akaniambia nisiogope."

Sikuwahi kumwona mume wangu akilia. Alilia siku ile, na sauti yake ilifika barazani, maana cherehani ilisimama. Nami niliyekuwa nimeomba kicheko nikapewa kicheko, nilikaa pale na bilauri ya maji mkononi, nikaelewa kwamba mtu anaweza kusema ukweli wake wote, akaweka na uhai wake juu yake, na bado usisikike, kwa sababu anayesikiliza hajafikiri kwamba unaweza kuwa nao. Nilipandwa na hasira ambayo sikuijua. Ilikuja juu ya hofu, haikuiondoa. Zilikaa pamoja kifuani.

Mwaka uliofuata walialikwa tena. Mtoto alikuwa anatambaa. Wachezaji walipokwenda kambini mzee wa timu alikuja kuaga mlangoni na kibuyu chake, nikamsalimu shikamoo, nikampa kiti, nikamwambia kwa heshima zote, "Babu, safari hii wakiitwa polisi, wewe usiende kusema kitu. Tafadhali."

Akakiweka kibuyu chini. "Unajua litakalompata?"

"Najua," nikasema.

Siku ya mechi nilimfunga mtoto mgongoni, nikajitanda kanga, nikavunja mwiko wa mke wa mchezaji. Nilisimama ng'ambo ya barabara mbele ya geti la mbele, nikiogopa, nikamwona mume wangu kwa mara ya kwanza na jezi yake. Alinyoosha mkono kuwasimamisha wenzake, halafu akakaa chini.