Dakika Ishirini za Mama

Harufu ya ndoo mpya ya plastiki hunirudisha kidato cha tano. Ndoo hizo zilijaa madukani Mwanza tangu serikali iliporuhusu bidhaa za nje, za kila rangi, na mama alikuwa na mbili nyekundu alizozipenda kuliko kabati lake la vyombo. Tuliishi Buhongwa, juu kwenye mawe. Kisima kilikuwa bondeni.

Mwalimu wa jiografia alitutuma kufanya utafiti, nami nikachagua maji. Niliamini akina mama wa juu wanapoteza muda mwingi kuliko wa bondeni. Mwalimu aliahidi kwamba namba zikithibitisha, ataipeleka ripoti yangu kwenye mkutano wa kata ili tuombewe bomba. Basi nikajiona nimeshamtua mama ndoo kichwani.

Niliwauliza akina mama kumi juu na kumi bondeni. Nilikwenda Jumapili baada ya kanisa, maana ndipo watu huwa nyumbani. Mama nilimwacha wa mwisho. Nilisimama mbele yake na daftari, najifanya mgeni, naye baba pale kando akapunguza sauti ya redio.

"Shikamoo mama. Kwenda kisimani na kurudi unatumia muda gani?"

"Marahaba. Dakika ishirini," akasema bila kunitazama.

Haikuwa kweli. Kila siku alirudi baada ya saa moja na nusu, nimeshafagia uwanja na kuvaa sare. Lakini tulifundishwa kuandika tunachoambiwa, nikaandika.

Darasani tulipanga majibu yote kuanzia dogo hadi kubwa, tukakokotoa, kisha mwalimu akafungua jedwali nyuma ya kitabu. Ili tofauti ya juu na bondeni ihesabike ya kweli, jibu la hesabu lilitakiwa kuwa ishirini na tatu au pungufu. Tukapata ishirini na tano.

"Tofauti hii inaweza kuwa imetokea kwa bahati tu," akasema kwa upole.

Niliumia. Shingo ya mama inavyomuuma, halafu bahati tu? Nikakokotoa upya kwa siri, nikimpa mama saa moja na nusu yake. Ikatoka ishirini na moja. Nilikimbia nyumbani, nikamkuta peke yake jikoni, nikamwomba aniambie muda wa kweli.

"Acha hivyo hivyo," akasema. "Baba yako alikuwa anasikiliza. Mwanamke akae kisimani saa moja na nusu, watu watasema anafanya nini huko?"

Sikubadilisha. Bomba likaenda mtaa mwingine, nami nikamnunia mama muhula mzima. Haikunijia kabisa kwamba wale tisa wenzake nao niliwauliza Jumapili, waume zao wakiwa pale pale.

Miaka mingi baadaye, nimeshaolewa, dada mmoja wa utafiti alinikuta kibarazani na mama mkwe. Akaniuliza sokoni natumia muda gani. Mama mkwe akaacha kuchambua mchele.

"Nusu saa," nikajibu, na yule dada akaandika.