Kukimbia Barabara Moja na Mkwe

Sikuanza kukimbia kwa sababu ya ugonjwa, ingawa hapa Iguguno wengi wanaamini nilitumwa na daktari, nami nimeacha kuwabishia. Nilianza kwa sababu ya alizeti. Tulikuwa tumemaliza kupura mavuno ya shamba la bondeni, mbegu zimeanikwa uani juu ya turubai, na mimi nilikuwa nimekwenda kuhani msiba kijiji cha jirani. Nikiwa njiani kurudi, wingu jeusi lilijikusanya upande wa Nduguti, wakati ambao hatukutegemea mvua tena. Mume wangu alikuwa mnadani. Nyumbani hakukuwa na mtu. Nikavua kandambili, nikazishika mkononi, nikakimbia.

Nilifika, nikakunja turubai, nikaliburuta hadi barazani, na ndipo niliposhangaa kwamba sihemi sana. Mvua yenyewe haikunyesha, ilipita pembeni. Nilikaa kizingitini, miguu imejaa vumbi, nikiwa na umri wa miaka hamsini na nane, mama wa watoto watano na mzee wa kanisa, nikatamani kurudi nilikotoka ili nikimbie tena.

Kesho yake alfajiri nilitoka. Nilivaa suruali ya michezo ya mwanangu wa mwisho, juu yake nikafunga khanga kiunoni, kwa sababu sikuwa tayari kuonekana na suruali tupu. Mume wangu aliinua kichwa kitandani.

"Unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu."

"Basi ukichoka urudi. Chai itakuwepo."

Hayo ndiyo yote aliyowahi kusema kuhusu jambo hilo kwa miezi mingi. Majirani walisema zaidi. Kuna mama mmoja aliyeacha ndoo yake bombani akanifuata akidhani nimepata habari ya msiba. Wengine walisema nimeanza kuchanganyikiwa. Baadaye walizoea, kama watu wanavyozoea ng'ombe mwenye pembe moja, wakaacha kuniangalia.

Nilikuwa nikipita barabara ya vumbi iendayo Nduguti, kwa sababu barabara kuu ya lami ina malori na mabasi ya Mwanza, na dereva wa alfajiri si mtu wa kumwamini. Asubuhi moja, kukiwa kumeanza kupambazuka, niliona mwanamume anakuja mbio kutoka mbele. Alikuwa mrefu, mikono ikienda karibu na mbavu, miguu haina kishindo. Kabla sijamtambua mimi, yeye alinitambua. Alitoka barabarani, akaingia shambani katikati ya mabua, akanigeuzia mgongo, akainamisha kichwa.

Alikuwa mkwe wangu.

Lazima nieleze, kwa sababu vijana wa leo wananiuliza kulikuwa na shida gani. Nyumbani kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai jamvi moja, hawali pamoja, wala hawagusani hata mkono. Wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Si chuki. Ni heshima, na inatokana na jambo kubwa: huyu ndiye aliyemchukua mtoto uliyemzaa. Wengi wameacha siku hizi, wanapeana mikono na kupiga picha wakicheka. Sisi hatukuacha. Nami nilikuwa nampenda kijana yule. Alikuwa mwalimu wa sekondari, alikulia Sekenke chini ya milima, ambako baba yake alichimba dhahabu maisha yake yote bila kutajirika, na alimtunza binti yangu vizuri. Tangu wahamie hapa, tulikuwa tukisalimiana kupitia mlangoni. Sasa nilikuwa nimesimama mbele yake nimetota jasho, na suruali ya mtoto wa kiume.

"Shikamoo mama," alisema, akiyaambia mabua.

"Marahaba, baba. Wazima huko?"

"Wazima, mama."

Nikavuta khanga hadi kichwani, nikapita. Nilipofika nyumbani niliamua kuacha kukimbia.

Jioni binti yangu alikuja. Alikaa jikoni akachambua mboga, kisha akacheka.

"Mama, mume wangu anasema unakimbia vizuri, lakini unaanza kwa haraka mno. Anasema mwanzoni uende kama mtu asiye na safari."

"Amenitazama?"

"Amekusikia, mama. Anasema amesikia pumzi yako ulipompita."

Moyoni niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine: hakuna mtu aliyewahi kuniambia nafanya jambo lile vizuri. Nikamwambia, "Mwambie asante. Na umuulize, goti likiuma kwa ndani inakuwa nini?"

Basi ikawa hivyo. Binti yangu, ambaye hapendi hata kutembea kwenda sokoni, akawa mjumbe wetu. Alileta majibu akiwa amebeba mtoto: nibadilishe raba, hizi zimekwisha kisigino. Nisikimbie kila siku, mwili nao unahitaji kulala. Uji wa uwele kabla ya safari ndefu, wala nisiende na njaa nikidhani ndiyo ushujaa. Mimi nami nilituma yangu. Kijana yule alikuwa na tabia ya kujikamua mpaka anaumwa, nikamwambia binti yangu amwambie kwamba hata jembe huegeshwa.

Barabara tuligawana bila kuandikiana mkataba. Yeye alitangulia, mimi nikaja nyuma sana, kiasi kwamba kwenye sehemu zilizonyooka nilimwona kama kitu kidogo kinachosogea. Alipogeuka kurudi aliingia shambani, nikapita, tukasalimiana. Nilijifunza mengi kwa kumtazama kwa mbali: jinsi alivyofupisha hatua mlimani, jinsi mabega yake yalivyoshuka alipochoka badala ya kupanda. Mara nyingine nilifikiri kwamba kati ya watu wote ninaowajua, yule niliyekatazwa kumkaribia ndiye aliyekuwa akinielewa asubuhi zile. Sikumwambia mtu jambo hilo.

Mwaka uliofuata yakatangazwa mashindano ya nusu marathoni mjini Singida. Binti yangu alinijia na habari hiyo akiwa tayari na jibu.

"Mume wangu anasema unaweza."

"Na baba yako atasema nini?"

Mume wangu alikuwa anasikiliza redio barazani. "Mimi nitakwenda kushika mikoba," alisema.

Jumapili ile sikwenda kanisani. Tulijipanga uwanjani, namba zimebanwa kifuani kwa pini, fulana waliyonipa ikinifika magotini. Khanga yangu ilikuwa kiunoni kama kawaida. Msichana mmoja wa chuo aliniuliza kwa upole, "Bibi, wewe ni wa zile kilomita tano?" Nikamwambia hapana, ni wa kule mnakokwenda ninyi. Mkwe wangu nilimwona mbele kabisa, miongoni mwa wenye mbio. Hakugeuka, lakini nilijua anajua nilipo.

Nilianza kama mtu asiye na safari. Watu walinipita kwa makundi. Tulizunguka upande wa ziwa, kati ya yale mawe makubwa, tukatoka nje ya mji, na njia nzima upepo ulikuwa unatusukuma kutoka nyuma, kwa hiyo kila mtu alijiona hodari. Nilipogeuza kurudi ndipo nilipoujua. Anayeishi Singida anafahamu upepo wetu. Ulikuja usoni kama mtu anayekusukuma kifuani kwa viganja viwili. Khanga ililia. Wale vijana walionipita mwanzoni nikaanza kuwapita, mmoja mmoja, wakitembea wameshika viuno.

Kisha nikamwona mtu ameketi kando ya lami, mguu mmoja ameunyoosha, ameshika paja kwa mikono miwili. Nilimtambua kwa mabega kabla ya uso. Alikuwa amejikamua tena. Msuli wa nyuma ya mguu ulikuwa umembana, umesimama chini ya ngozi kama jiwe, na kila alipojaribu kuinuka ulimrudisha chini.

Aliponiona alijaribu kujiburuta aingie kwenye nyasi ili anipishe.

Hilo ndilo lililonisimamisha. Si maumivu yake, kwa maana maumivu hayaui mkimbiaji, bali kumwona mtu mzima akijiburuta kwenye changarawe ili anitunzie heshima yangu. Nilitazama mbele na nyuma. Mtu wa huduma ya kwanza hakuonekana. Waliokuwa nyuma yangu walikuwa mbali.

"Baba, acha," nilisema. "Kaa hapo hapo."

"Mama, pita tu. Nitapona."

"Nyoosha mguu."

"Mama—"

"Nyoosha mguu, baba."

Nilifungua khanga kiunoni. Niliikunja nikaizungusha kwenye kiatu chake, nikapiga magoti, nikakisukuma kile kiatu kuelekea kwake, taratibu, kama nilivyowafanyia watoto wangu wote walipokuwa wakilia usiku kwa miguu. Aligeuza uso upande wa mashamba. Mimi nilitazama lami. Kitambaa kilikuwa kati yetu, lakini nilihisi mguu wake ukitetemeka, kisha nikahisi msuli unaachia kidogo kidogo. Sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba wale vijana walitupita tena, na mmoja alisema, "Mama anamsaidia mwanae," na hakuna kati yetu aliyemsahihisha.

Alisimama. Alijaribu hatua mbili, tatu. Nilibaki na khanga mkononi, nimevaa ile suruali tupu, katikati ya barabara kuu mchana kweupe.

"Tangulia," nilimwambia.

"Siwezi kukutangulia, mama, nikakuacha."

"Sijasema uniache. Huu upepo utanishinda. Tangulia, nije nyuma yako."

Akanielewa. Wakimbiaji wanajua kwamba mtu akikimbia mbele yako karibu, upepo unampiga yeye kwanza. Alianza kwa kuchechemea, baadaye akapata mwendo, nami nikakaa nyuma yake, karibu kuliko nilivyowahi kumkaribia katika mbio zetu zote. Nilisikia pumzi zake. Zilikuwa nzito mno upande wa kuvuta, na nilitaka kumwambia, lakini nikasema moyoni neno hilo litapitia kwa mjumbe wetu. Tuliingia mjini hivyo. Watu kando ya barabara walipiga makofi, wakaita, "Bibi! Twende bibi!" Mlangoni mwa uwanja alipunguza mwendo, akajisogeza pembeni, akainamisha kichwa. Nikapita. Nilimaliza mbele ya mkwe wangu, na hadi leo mume wangu anawaambia watu hivyo bila kueleza chochote cha ziada.

Mume wangu alikuwa amesimama na mikoba, machozi yanamtoka. "Ni vumbi hili," alisema.

Niliporudi Iguguno niliwasimulia watu wa nyumbani kila kitu, kwa sababu sikutaka wasikie kwa wengine. Wifi yangu mkubwa, ambaye ndiye anayezijua mila zetu, alinisikiliza mpaka mwisho. "Hakuna kosa," alisema kwa Kinyiramba, "ila kuna jambo." Mkwe wangu naye alikuwa ameacha kupita barabara ya Nduguti. Wiki zilipita nikikimbia peke yangu, na binti yangu akija ananiambia tu, "Anasema shikamoo." Nilielewa. Aibu ya kusaidiwa ni nzito kuliko aibu ya kuanguka, na kwa mwanamume anayesaidiwa na mama mkwe ni nzito mara mbili. Mimi sikujuta, lakini sikuwa na raha.

Wifi akatuita ili tulimalize lile jambo kimila. Mkwe alileta jogoo. Alikaa barazani, mimi nikakaa ndani, mlango wazi kati yetu. Wifi alitunawisha mikono, yeye kwenye beseni lake na mimi kwenye langu, akasema maneno machache ya wazee na mwisho akaongeza yake: "Mguu si mtu. Mguu ni mguu." Tukacheka wote, huku na huku, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyosikia jinsi mkwe wangu anavyocheka. Tukala, wao nje na sisi ndani, ugali wa mtama na yule jogoo. Kesho yake alfajiri nilimwona mbele, mbali, akifupisha hatua mlimani.

Sasa wamehamishiwa Nduguti, kwenye shule mpya, na barabara ile imebaki yangu. Nilidhani ujumbe wetu ungekatika, kwa maana binti yangu ana mtoto wa pili na kazi nyingi. Lakini siku moja simu iliita, nikasikia sauti ya mwanamume: "Shikamoo mama. Nimeona nikuulize mwenyewe, goti linaendeleaje?" Nilitaka kumwambia ampe mke wake simu. Kisha nikafikiri: hapa hakuna uso wala njia ya kupishana. Wazee hawakusema lolote kuhusu simu. Nikakaa kwenye kigoda, nikamjibu.

Tunaongea karibu kila Jumamosi. Wiki iliyopita aliniambia kuna mashindano ya marathoni kamili mwakani, na kwamba anafikiri nisiende, bado ni mapema, mwili wangu haujawa tayari kwa umbali ule. Nilimwambia nimemsikia. Akauliza, "Kwa hiyo utapumzika, mama?" Nikamwambia kesho nakimbia hadi mtoni na kurudi, taratibu, halafu tutazungumza.