Bosi Hakuwa Tayari

Nakereka mpaka leo nikikumbuka vile vijiti vilivyolala kwenye nyasi.

Nilikuwa mtunza bustani kwenye shamba moja la kahawa nje ya mji wa Karatu. Mwenye shamba, mzungu wa ukoo wa malodi, makabaila wa huko Uingereza, alikuja kila mwaka msimu wa kuchuma, na kilichomleta si kahawa, ni kriketi. Sebuleni alitundika picha ya babu wa babu zake, lodi aliyeishi enzi za wale wafalme walioitwa Joji, miaka zaidi ya mia mbili iliyopita: mashavu mekundu, soksi nyeupe, mkononi kibao cha kupigia mpira kilichopinda kama mpini wa jembe bovu. Mimi ndiye niliyemfuta vumbi kila asubuhi. Kwa masimulizi ya bosi, maisha yake nikayajua kuliko ya babu yangu mzaa baba. Kazi hakuwahi kufanya hata siku moja. Alicheza kriketi kwenye uwanja wake mwenyewe, na watunza farasi aliwaajiri kwa kutazama mikono yao ya kurushia mpira, si ujuzi wao wa farasi.

Nami niliajiriwa hivyo hivyo. Kwetu Buger nilikua nikilinda mahindi, na ukimkosa nyani kwa jiwe mara mbili, jioni unakula ugali wa matusi. Bosi aliniona nikimtwanga nyani jiwe kutoka mbali, akaniita palepale. Hakuniuliza hata kama najua maua.

Kila mwaka kulikuwa na mechi moja, wageni wake dhidi ya sisi vibarua, kwa kanuni za lodi yule. Mpira unarushwa kwa chini, mkono usipite kiuno. Atakayeangusha vijiti vilivyo nyuma ya bosi anapokea kibao, anapiga yeye. Miaka minne nilirusha, miaka minne kibao sikukishika. Refa alikuwa nyapara wetu, mtu wa Singida, mwema sana, ila mbele ya bosi ananywea kama kuku aliyenyeshewa.

Mwaka wa tano nikamwalika baba. Alikuwa akinicheka: "Mwanaume mzima unaokota mpira wa mzungu?" Nilitaka anione nimeshika kibao, hata mara moja, basi! Akaja na koti lake la kanisani, akaketi juu ya gunia pamoja na akina mama wachuma kahawa.

Bosi alipiga tangu asubuhi. Mpira ukaingia kwenye mibuni, tukaufuata, tukatoka na michubuko. Baada ya chakula cha mchana nikarusha mmoja wa chini kabisa, ukadunda, ukampita, vijiti vyote vikalala. Vyote! Nikaanza kutembea kwenda kupokea kibao.

"Bado," nyapara akasema, akitazama viatu vyake. "Bosi hakuwa tayari."

Jamani! Bosi akaitikia kwa kichwa, akavisimamisha vijiti mwenyewe bila haya wala soni. Ndipo nikakumbuka alichokuwa akijisifia mezani kwa wageni: kwamba lodi yule hakuwahi kutolewa mchezoni kwenye ardhi yake. Kumbe!

Baba akasimama. Ana sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya korongo. "Hakuwa tayari? Kwani nyani huwa tayari?"

Akina mama wakaangua kicheko, mmoja akashika mbavu. Nyapara akakosa pa kuuweka uso. Bosi, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo" na "asante", akaniuliza mimi kwa Kiingereza mzee amesema nini.

Wote wakanigeukia. Nikajua nikisema kweli kibarua kitaota nyasi. Lakini neno la kweli lilikuwa fupi tu, na baba alikuwa bado amesimama.

Nikamwambia mzee anasema hajawahi kuona mtu anayecheza vizuri hivi.

Bosi akachangamka. Akamfuata baba mpaka kwenye gunia, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Asante! Asante!" Baba akaupokea mkono, macho yake kwangu. Nikarudi kurusha, nikarusha mpaka ukungu wa Ngorongoro ukatushukia na mechi ikaisha. Kibao sikukishika.

Nilimsindikiza baba. Tulipofika getini akasimama.

"Ulimwambia nini yule?"

"Nilimwambia ulivyosema, baba."

Akafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja.

"Mbona alinishukuru?"