Udongo wa Kukaribisha Miche

Juzi, kwenye mapokezi ya maabara moja ya viazi hapa Njombe, nilimkuta mama mmoja kutoka kijiji cha Mdandu amekumbatia mfuko wa rambo. Ugonjwa wa mnyauko, unaokaa udongoni, ulikuwa umemaliza shambani kwake mbegu ya viazi aliyoachiwa na bibi yake. Ulibaki mche mmoja tu, na wataalamu walitenganisha seli za jani lake, wakazilea mpaka zikawa miche mipya.

Mtaalamu akaileta ndani ya chupa, imesimama kwenye kitu kama jeli.

“Mbona haina udongo, mwanangu?” mama akauliza, huku akifungua mfuko. “Nimeiletea wa shambani kwetu, isione ugeni.”

Mtaalamu akaivutia chupa kifuani. “Mama, udongo huo ndio uliowaua ndugu zake.”

Mama akaufunga mfuko, akatoka nao. Alirudi amenawa hadi viwiko.

“Na hii ni mizima?”

“Mizima kabisa, mama.”

Akashusha pumzi, akainama mbele ya chupa, akaisalimia miche kwa Kibena: “Kamwene.”

Mimi nilikuwa nimetoka shambani moja kwa moja. Nikatazama viatu vyangu, nikarudi kinyumenyume hadi mlangoni, na salamu yangu nikaitolea nje.