Mwano wa Kompyuta

Leo nimemtoa mzee wa watu nyumbani kwake, miguu peku.

Nilikuwa natengeneza mwano kwa kompyuta. Lile yowe la kuita watu ng'ombe wakiibwa. Ni la mchezo wa redio unaohusu enzi za sungusungu, wale walinzi wa vijiji, miaka ya themanini. Sikumrekodi mtu, ni programu tupu.

Sauti ikanoga. Nikafungulia spika mpaka mwisho.

Mara Baba Kulwa, jirani yangu hapa Kambarage, huyo mlangoni. Anachechemea, fimbo mkononi.

"Wamepita wapi?"

"Shikamoo baba. Ni kompyuta tu."

Akaketi kwenye ngazi, anahema.

"Mwano haupigwi tu, mwanangu."

Nimeifuta.

Ila mtaa mzima ulisikia, jamani. Aliyetoka ni yeye peke yake.

Wewe unayesoma, ungetoka?